Nafasi Aliyoiona Haina Kazi

Aliraza mtoto wa Mzee Amirali kazaliwa Kibiti na kakulia Kibiti. Ukimsikia akiongea nyuma ya ukuta utadhani ni Mndengereko wa Ruaruke, mpaka umwone sura ya Kihindi. Duka lao linatazama stendi, na meza yangu ya chai na chapati iko ng'ambo ya barabara, tunatazamana toka asubuhi mpaka tunafunga. Kwa hiyo nikieleza habari za kijana yule, sielezi za kusikia. Kijana namwita mimi tu; ana mke na mtoto, na nywele zimeanza kumkimbia.

Lile duka halijui nafasi inayokaa bure. Sufuria zinaning'inia darini, chini ya kaunta kuna ndoo, ndani ya ndoo kuna vikombe, ndani ya vikombe kuna vijiko. Ndivyo Mzee Amirali alivyomlea mwanawe. Sabuni zikipungua anamwambia zivute mbele, nyuma tia maboksi matupu, rafu ionekane imejaa. Mteja akiona pengo atasema hawa wanafilisika, atavuka barabara. Ali kakua akivuta sabuni mbele. Hata leo akija kwangu kunywa chai mikono yake inaanza kunipangia vikombe mezani bila mwenyewe kujua, mpaka nimpige kibao cha mkono aache.

Kona moja ya duka kajitengea yeye. Anatoa fotokopi, anapiga picha za pasipoti, anatengeneza kompyuta. Ni fundi mzuri, haki yake sitamnyima. Ugonjwa wake ni sifa. Ukimsifia sana anaweza kukutengenezea redio ambayo haijaharibika.

Basi ndugu zao wa Dar walibadilisha kompyuta za ofisi yao, zile kuukuu wakampa Mzee Amirali azitoe sadaka. Mzee akauliza ampe nani. Mimi ndiye niliyesema wapeni kina mama wa kwetu kisiwani, kikundi cha kunenepesha kaa. Wanakamata kaa wembamba mikokoni, wanawaweka kwenye vizimba na kuwalisha mpaka wajae nyama. Walikuwa wanatakiwa kuandika maelezo ya kila kizimba ili waombe kibali cha kufugia kwenye mkondo wao wenyewe, na kila karatasi iliwalazimu kupanda boti mpaka Nyamisati, kisha gari mpaka Kibiti, ili Ali awachapie. Katibu wao, Mwanaheri, ni mtoto wa dada yangu. Kamaliza kidato cha nne, ana maneno machache na macho makali.

Mzee akakubali, lakini yule ni mfanyabiashara hata kwenye sadaka. Akasema watapewa kwanza, kisha atakwenda mwenyewe na wageni wake kuangalia. Wakiweza kuzitunza, ni zao. Wasipoweza, anazihamishia Bungu, pale barabarani, penye umeme wa kueleweka na watu wanaozisubiri. Kikundi kikamkabidhi Mwanaheri dhamana. Toka siku hiyo mtoto yule alikuwa analala na Bungu, anaamka na Bungu.

Zile mashine zilikuwa vikongwe. Memori yake, Ali aliniambia, ni ndogo kuliko ya hii simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Windows mpya haiingii hata kwa kusukuma. Akasema ataziwekea Linux nyepesi: ya bure, haina makuu, mashine ya zamani inaibeba bila kuhema. Mwanaheri akaja Kibiti, akawa analala kwangu, na mchana anakaa kando ya Ali kule nyuma ya duka ajifunze. Nikipeleka chai nawakuta wameinamia kioo.

Siku moja niliwakuta, Ali anagawa diski. Kwenye kuweka Linux kuna mahali unaulizwa diski uikate vipande vipi, na kipande kimoja unashauriwa ukitenge kwa ajili ya kitu kinaitwa swapu. Swapu ni nini nilikuja kuelewa baadaye, na kwa uchungu. Wakati ule niliona tu Ali kakunja uso anakitazama kile kipande kama baba yake anavyotazama rafu yenye pengo. Akasema hiki hakiwekwi chochote, kinakaa kitupu, na diski yenyewe hii ndogo. Akakifuta, nafasi yake akaiunganisha na ile ya kuwekea vitu. Mashine ikaleta maandishi katikati ya kioo, ya Kiingereza, yenye alama ya kuuliza mwishoni. Mwanaheri akasogea ayasome. Ali akabonyeza upesi, yakapotea.

"Inauliza nini, kaka Ali?"

"Inauliza kama nimemaliza."

Ile nafasi akaijaza. Akatia video za masomo, kaswida, mafunzo ya kushona, mafunzo ya mapishi ambayo wanawake wa kwetu wangeweza kumfundisha huyo mpishi mwenyewe. Mashine zote akazifanya hivyohivyo. Nami nikamsifia. Nilisema mbele ya wateja wangu kwamba kijana huyu kafanya kazi ya mtu mzima.

Kisiwani zikawekwa kwenye chumba cha kikundi, paneli za sola zikafungwa juu ya bati. Sola ile haikuwa na nguvu za kuwasha zote kwa pamoja, kwa hiyo wanawake walikuwa wanapokezana kwenye mashine moja au mbili. Na hapa lazima niwaeleze desturi ya kwetu. Kisima ni kimoja, maji yanajitokeza taratibu, hivyo kila mtu anaacha ndoo yake kwenye mstari na kwenda kwenye shughuli zake. Ndoo ndiyo wewe mwenyewe. Ukiiondoa ndoo ya mwenzio umemtukana, na ninawajua wanawake waliozeeka bila kusemezana kwa sababu ya ndoo. Basi desturi hiyo wakaingia nayo kwenye kompyuta. Mtu anafungua ukurasa wake, anaandika habari za kizimba chake, akiinuka haufungi. Anaushusha tu chini ya kioo, ubaki umemshikia zamu. Na hakuna wa kuthubutu kuufunga wa mwenzake. Mwanaheri aliwafundisha kuhifadhi, lakini kwao kuhifadhi lilikuwa jambo la kufanya ukishamaliza kabisa, kama kufunika chungu.

Siku ya ugeni nilichukuliwa nikapike. Nikatia wali wa nazi na kaa motoni, huku wanawake toka alfajiri wanapokezana kuandika ili Mzee akute kazi inaonekana. Mzee Amirali akafika na jamaa zake wawili wa Dar, viatu mkononi, suruali zimekunjwa mpaka magotini kwa ajili ya tope. Ali naye kavaa shati la pasi.

Mwanaheri akawaonyesha ukurasa mmoja mmoja. Mzee akavaa miwani, akasoma. Alipofika kwenye wa Habiba akacheka mpaka akakohoa, maana Habiba kaandika kwamba katika kizimba chake kaa mmoja kamla mwenzake, na yule aliyebaki tangu hapo anamtazama Habiba vibaya. Mzee akawageukia jamaa zake akasema mnaona, mnaona. Neno la kuwapa lilikuwa limeshafika mdomoni, mimi nimesimama mlangoni na mwiko naliona.

Ali akaharibu. Akasema baba subiri, hujaona vilivyomo, akasogeza kiti akafungua video ya masomo juu ya zile kurasa zote. Picha ikatokea kidogo, ikasimama. Ali akasukuma mausi, mshale haukusogea. Akabonyeza kibodi, kimya. Kitaa kidogo pale mbele kikawaka bila kuzima. Tukasubiri. Watu wa kwetu tunajua kusubiri, lakini wageni walianza kutazama saa. Kisha video ikaendelea yenyewe, mwalimu anafundisha hesabu kwa furaha zake, na kurasa zote za kaa zikawa hazipo.

Ali akatafuta huku na huku. Akapata vipande vya jana na juzi. Vya asubuhi ile, ambavyo ndivyo vilivyokuwa kazi yenyewe, hakuna.

Jamaa mmoja wa Dar akasema, kwa kucheka ili lisionekane tusi, kwamba mikono iliyozoea shoka la mikoko ni mizito kwa vitu hivi. Wanawake wakainamisha nyuso. Mzee Amirali hakucheka. Alimtazama mwanawe.

"Ali, niambie. Ni mashine au ni watu?"

Alijua. Hilo ndilo ninalotaka mlielewe, kwamba alijua palepale, wala hakuhitaji kuchunguza. Alikuja kuniambia mwenyewe kwamba kile kitaa kilipoganda tu kilimrudishia yale maandishi aliyoyafuta. Lakini shati lilikuwa la pasi, na jamaa wa Dar wanamtazama.

"Watu, baba," akasema. "Wamefungua vitu vingi."

Mzee akavua miwani, akaikunja, akasema basi tutaona gari la kwenda Bungu. Wali wangu waliula kwa heshima na haraka, kwa kuwa maji yalikuwa yanatoka na boti lingekwama.

Kule pwani Mwanaheri akawasindikiza, kama inavyompasa mwenyeji. Wazee walishapanda. Ali alikuwa anaosha miguu tope, akamkuta kasimama kando yake. Nilikuwa nyuma yao na masufuria yangu.

"Kaka Ali, ile siku mashine ilikuuliza nini?"

Ali akaendelea kuosha mguu uliokwisha kutakata. Nahodha akaita. Akapanda.

Baada ya hapo hakuja tena kunywa chai. Kutoka nyumbani kwake kwenda dukani lazima upite mbele ya meza yangu, lakini yeye akaanza kuzunguka kwa nyuma ya soko, kwenye majitaka, mtu anayependa viatu vyake visafi. Nikimwona kwa mbali anajifanya ana simu sikioni. Dukani akiniona nasogea anaingia ndani, ananitolea mkewe. Na huku nyuma habari za kisiwani zilikuwa zinanifikia kila boti likitia nanga: wanasema ni Mwanaheri aliyewaacha watu wafungue ovyo, wanasema dhamana apewe mwingine, ingawa hapakuwa tena na cha kudhamini. Mama yake akanipigia simu akasema mtoto hatoki nje, hata kwenye vizimba anakwenda watu wakisharudi.

Siku nilipochoka nilimimina chai kwenye kikombe chake cha siku zote, nikavuka barabara, nikapita kaunta bila kukaribishwa mpaka kule nyuma. Nikamkuta kakaa mbele ya mashine iliyozimwa.

Nikamwambia anywe, na akishakunywa anieleze kama ninavyoelewa mimi niliyeishia darasa la saba. Akanywa. Kisha akaeleza, anatazama kikombe.

"Memori ni kaunta, Mama Salama. Ukiweka vitu vingi juu ya kaunta inajaa. Sasa vile ambavyo mteja havigusi kwa wakati ule unavipeleka stoo, akivitaka unavirudisha. Unachelewa kidogo kwa kuwa stoo iko mbali, lakini hakianguki kitu. Swapu ndiyo stoo. Kazi yake ni kukaa tupu ikisubiri. Mimi nimejenga duka, nikavunja stoo nikaweka rafu."

Nikamuuliza, na zile kurasa walizoziacha wazi?

"Hizo ndizo hasa zingekwenda kulala huko. Wala hawakukosea. Mashine ndogo kama ile yenye stoo ingezibeba zote, polepole."

"Na ilikuuliza nini?"

"Iliniambia hujatenga swapu, unataka kurudi nyuma urekebishe? Nikabonyeza hapana."

"Na baba yako naye akakuuliza," nikamwambia, "ukabonyeza hapana."

Uso ukamwiva mpaka masikioni. Nilidhani atanifukuza. Alilia, mtu mzima yule, kwa staili ya watu wa madukani, bila sauti, mteja asisikie. Sikumbembeleza. Nilimwambia gari la Bungu lishapangwa, baba yake yuko pale mbele anapima mchele, na mimi chapati zangu zinaungua.

Sikurudi kwenye chapati. Nilibaki pale kwenye kaunta najifanya nachagua kibiriti.

Ali akatoka, akasimama kando ya mizani. Akamweleza baba yake kwa Kiswahili, si kwa lugha yao, nadhani kwa sababu nilikuwepo, na hilo nililihesabu kuwa jambo. Alieleza yote: kipande alichokifuta, onyo aliloliruka, video alizojazia. Akaongeza kwamba alipoona ile nafasi tupu aliona aibu kama ya rafu tupu, na mambo ya rafu kafundishwa humu humu. Mzee aliendelea kumimina mchele mpaka mizani ikatulia, akafunga mfuko, akampa mteja, akamsubiri aondoke.

"Rafu nilikufundisha mimi," akasema. "Kusingizia watu sikukufundisha."

Kisha akatoa hukumu yake, kwa sauti ileile anayotajia bei. Mashine zinabaki kisiwani. Ali atakwenda azitengeneze na aseme mbele ya wale wanawake alichosema mbele ya wageni, na kwamba kilikuwa uongo. Jamaa wa Dar, yeye Mzee mwenyewe atawapigia simu. Lakini watu wa Bungu walikwisha kuahidiwa, na ahadi ile ni ya duka. Kuivunja atakwenda Ali kwa mdomo wake, na sababu ataitaja.

Kisiwani nilikwenda naye. Sikwenda kupika safari hii. Wanawake walikaa chini, Mwanaheri akakaa kwenye benchi la ukutani, karibu na mlango. Ali alisimama akasema. Alianza vibaya, alianza na maneno ya kompyuta, Habiba akamkatiza akamwambia baba, sema kwa Kiswahili ulifanya nini. Akasema. Akasema nyinyi hamkukosea, mimi nilikosea, nikajua, nikawatia nyinyi. Dada Mwanaheri naomba radhi.

Wapo waliocheka, wapo waliosonya.

Ali akawasha mashine ya kwanza. Kwanza ilibidi afute, na nilimwona inavyomuuma; zikaondoka video za kushona, zikaondoka kaswida, akaondoka yule mpishi. Nafasi iliyopatikana akatengeneza ndani yake faili kubwa, tupu, akaiamuru mashine iitumie kama swapu, kisha akaandika mahali ili kila ikiwashwa ikumbuke. Hakukuwa na haja ya kuanza upya. Kazi yenyewe iliisha kabla watu hawajamaliza kahawa. Aibu yake iliongezeka hapo, wakati wote wameshaona jinsi ilivyokuwa ndogo.

Wanawake wakafungua kurasa zao zote, wengine wakafungua na zisizo na kazi, makusudi, kumkomoa. Juu yake wakaweka ile video ya hesabu. Mashine ikajivuta, ikasita, kitaa kikawakawaka, lakini haikuangusha ukurasa hata mmoja.

Mwanaheri akainuka pale benchini, akaja akakaa kwenye kiti mbele ya mashine ya pili.

"Rudia," akamwambia. "Taratibu."

Ali akamwonyesha. Ya tatu akaifanya Mwanaheri, Ali kasimama nyuma yake na mikono mgongoni. Zilizobaki hakumtaka hata asimame. Kuhusu radhi hakujibu kitu. Wakati wa kuondoka alitusindikiza mpaka kwenye boti, akanibusu mkono mimi, akamwambia Ali safari njema kama unavyomwambia abiria yeyote.

Ilibaki Bungu. Akaniomba nimsindikize, nikakataa, nina biashara. Halafu nikafunga meza nikapanda naye gari, maana nilimwona anavyofunga kifungo cha shati kwenye tundu lisilo lake.

Watu walikuwa wamefagia chumba. Walipaka na chokaa. Meza zilikuwa zimepangwa, na nyaya za umeme zimevutwa mpaka kila meza, wakatukaribisha kwa bashasha wakidhani gari la mizigo liko nyuma yetu. Ali akaomba wakae. Akawaambia mashine haziji. Akataja sababu, yote, na safari hii hakuanza na maneno ya kompyuta. Alipofika pale pa kumsingizia Mwanaheri sauti ilipungua, mzee mmoja akamwambia aseme kwa nguvu, nyuma hawasikii. Akasema kwa nguvu.

Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Mmoja akauliza kama ni yeye yule fundi anayesifiwa Kibiti. Ali akasema ndiye. Mwingine akasema basi kompyuta yake ataipeleka kwingine. Ali akaitikia kwa kichwa. Wakaanza kutoka mmoja mmoja, wengine wanarudisha viti walivyoazima kwa majirani.

Akabaki bibi mmoja, Bi Kijakazi, ndiye aliyetoa chumba.

"Huyo binti, ulimwomba radhi?"

"Nilimwomba, bibi."

"Akasemaje?"

Ali akatazama zile meza.

"Bado hajasema."

Bi Kijakazi akachukua ufunguo wake, akatungojea tutoke, akafunga mlango.